Kigoda Kisichorithiwa

  

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa iliyopita, baada ya swala, kijana mmoja alinisubiri pale kwenye viatu. Ni wakili, wengi wenu mnamjua kwa sura. "Shikamoo, maalim." "Marahaba, mwanangu." Akaniambia kwamba mwalimu aliyemfundisha sheria chuoni amefariki dunia. Yeye na wenzake waliohitimu pamoja wamechanga, na mchango umekuwa mkubwa kuliko walivyotarajia. Sasa wanavutana. Mmoja anataka lisimamishwe jiwe la kumbukumbu getini. Mwingine anataka ukumbi wa mihadhara upewe jina la marehemu. Wa tatu anasema ifanywe hitma kubwa, wachinjwe ng'ombe, watu wale, waombe dua, yaishe. "Wewe unasemaje, maalim?"

Nilimwambia anipe wiki moja. Nimelitafakari swali lake nikaona si lake peke yake. Mji wetu wa Dodoma umejaa watu wa sheria. Bunge lipo hapa, wizara zimehamia, na mwaka 2025 Mahakama ya Tanzania ilizindua makao makuu yake hapa hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanza mwaka 2007 kule Chimwaga kinafundisha sheria. Katika safu hizi tulizosimama leo yumo hakimu, yumo karani wa mahakama, yumo wakili wa Serikali, na yumo mwanafunzi wa sheria ambaye hajui mkopo wake utaingia lini. Kila mmoja wenu alifundishwa na mtu. Basi jibu langu kwa kijana yule nalitoa mbele yenu nyote: msimjengee mwalimu wenu jiwe. Mwekeeni wakfu, na mazao ya wakfu huo yamlipe mwalimu atakayekaa mahali pake.

Hitma ina heri yake, siipingi. Lakini pilau huliwa adhuhuri, na ikifika alasiri sufuria zimekwisha kuoshwa.

Mahali hapo pa mwalimu paiteni kigoda, na neno kigoda sisi watu wa bara hatuhitaji kuelezwa. Mgeni akiingia katika tembe huvutiwa kigoda kabla hajaulizwa habari za safari. Anayekalia leo si aliyekalia jana, na kigoda ni kile kile. Nadhani ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipotaka kumuenzi Mwalimu Nyerere mwaka 2008, hakikutafuta neno la kigeni. Kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika. Mtu wa kwanza kukikalia alikuwa mwanasheria, Profesa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, jirani zetu wa chini ya milima. Aliingia Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, akahitimu mwaka 1970, kisha akabaki kufundisha pale pale kwa zaidi ya miaka 30. Ndiye aliyeongoza Tume ya Rais ya masuala ya ardhi, ile iliyozunguka nchi mwaka 1991 na 1992 ikiwasikiliza wanakijiji. Alipoondoka kwenye kigoda aliingia Profesa Penina Mlama, mwalimu wa sanaa za maonyesho. Tazameni jambo hili kwa makini. Jina ni la mwalimu wa shule aliyepata kuwa Rais, aliyekaa kwanza ni mwanasheria, aliyefuata ni mtu wa tamthilia. Hakuna aliyempa mwanawe. Kigoda cha elimu hakirithiwi.

Na deni lililo nyuma ya vigoda hivi ni la kweli. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza kwa kitivo kimoja tu, cha sheria. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na wanafunzi wasiofika 15. Miongoni mwao alikuwepo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Kitivo kile kile baadaye kikamtoa Asha-Rose Migiro, akafundisha hapo, kisha akaenda New York kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007. Kikamtoa Mohamed Chande Othman, akawa Jaji Mkuu wetu. Kikamtoa Willy Mutunga, akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Nani aliwalipia walimu wao? Mkulima wa pamba wa Shinyanga, mkulima wa karanga wa hapa kwetu, mfugaji aliyelipa kodi kwa kuuza mbuzi. Hata majengo ya chuo chetu cha Dodoma yalijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani akiba za uzeeni za wafanyakazi. Mwanasheria anayedhani amesoma kwa akili zake tu amewasahau watu wengi sana.

Sasa mtu ataniambia: maalim, haya ya kuweka mali ili profesa alipwe ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba Marekani na Uingereza jambo hili limeenea. Aliyehitimu zamani hutoa mtaji, chuo huuwekeza, mtaji hauguswi, faida yake humlipa profesa, na kiti huitwa kwa jina la mtoaji au la mwalimu wake. Oxford waliweka kiti cha namna hiyo cha kufundisha sheria ya Kiingereza mwaka 1758, kwa mali aliyoiacha Charles Viner. Lakini ndugu zangu, Baghdad ilikuwa imetangulia kwa karibu miaka 700.

Asili yake mnaijua. Sayyidna Umar alipata ardhi Khaybar, na hakuwa amepata mali aipendayo kuliko ile. Akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumwuliza aifanyeje. Akafundishwa kuizuia ardhi yenyewe na kuyatoa mazao yake. Basi Umar akaiweka ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mafukara wakala, jamaa wakala, msafiri akala, na msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Na mnayajua mafundisho ya Mtume kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa njia tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Kigoda cha mwalimu kinakusanya mbili kati ya hizo mahali pamoja. Wanafunzi wakiwa wema wakamwombea marehemu, mimi nataraji atapata na mfano wa ile ya tatu.

Mwaka 1067 waziri Nizam al-Mulk alifungua Baghdad madrasa iliyoitwa kwa jina lake, Nizamiyya. Aliiwekea wakfu, na mapato yake yakamlipa mwalimu wa sheria ya madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu haya haya. Mwalimu aliyeteuliwa alikuwa Abu Ishaq al-Shirazi, ambaye kitabu chake al-Muhadhdhab kinasomwa mpaka leo. Siku ya ufunguzi watu wakajaa, wakubwa wakakaa, mwalimu haonekani. Akatafutwa. Kumbe njiani alikuwa amepata habari kwamba katika ujenzi ule kuna mali iliyoporwa, akageuza njia. Kiti kikubwa kuliko vyote vya sheria katika dunia ya wakati ule, wenye kukitamani wamejaa mji mzima, naye akakiacha kitupu! Ilibidi Ibn al-Sabbagh akalie kwa siku kama 20 hivi, mpaka Shirazi aliposihiwa akakubali. Na hata baada ya kukubali imesimuliwa kwamba wakati wa swala ukifika alikuwa akitoka kwenda kuswali nje ya jengo lile.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ya mji wetu. Dodoma imekuwa mji wa viwanja. Kila aliyeishi hapa anajua maana ya mgogoro wa kiwanja, anajua jinsi mjane anavyoweza kuondolewa Nzuguni au Iyumbu kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Na karatasi zile huandikwa na nani? Huandikwa na sisi tuliosoma. Neno hongo zamani lilipita kwenye ardhi hii hii kwa maana nyingine. Ilikuwa ushuru ambao misafara ilitozwa na watemi wa Ugogo ili ipitishwe na ipewe maji. Leo mnajua limekuwa jina la kitu gani. Wakili aliyekula hongo, hakimu aliyeuza hukumu, mpimaji aliyekata kiwanja kimoja mara mbili, asije hapa na wakfu. Amrudishie mwenye haki kwanza. Mwenyezi Mungu ni mwema, na hapokei ila kilicho chema.

Wenzetu wa Marekani wameliona hili kwa uchungu. Kiti cha kwanza cha sheria pale Harvard, kilichoanza mwaka 1815, kiliwekwa kwa urithi wa Isaac Royall. Familia ya Royall ilitajirika kwa miwa ya kisiwa cha Antigua, iliyolimwa na watumwa, na asili ya watumwa wale ni bara letu hili. Nembo ya familia hiyo, yenye miganda mitatu ya ngano, ikafanywa nembo ya shule ile ya sheria. Ni hadi mwaka 2016, baada ya wanafunzi kupaza sauti, ndipo nembo hiyo ilipoondolewa. Miaka mia mbili vijana walisomea haki kwenye kiti kilicholipiwa kwa dhuluma. Na sisi tunaokaa juu ya njia ya zamani ya misafara, iliyopita Mpwapwa ikakata Ugogo kwenda Tabora, njia waliyopitishwa watu wakiwa wamefungwa minyororo, tusiisome habari hii kama ya mbali.

Kuna na hatari ya pili, nayo haina kiwanja wala hongo. Ni jina. Mwaka 1091 kigoda kile cha Nizamiyya alipewa Imam Ghazali. Mamia ya wanafunzi wakamzunguka, Baghdad yote ikamtazama. Baada ya miaka minne akaondoka. Ameeleza mwenyewe kwamba aliichunguza nia yake katika kufundisha, akaona kinachomsukuma ni cheo na sifa, akaogopa. Ikiwa Ghazali aliogopa, sisi tunaotaka majina yetu yachongwe juu ya milango tuogope mara ngapi? Sisemi kutaja jina ni haramu. Jina husaidia watu kumwombea marehemu, na humtia moyo mwingine. Ila nampa kijana yule na wenzake nasaha moja. Kigoda kiitwe kwa jina la mwalimu, si kwa majina ya waliochanga, na orodha ya kiasi alichotoa kila mtu isisomwe kwenye kipaza sauti.

Najua wapo wanaouliza kimoyomoyo: je, inafaa wakfu wa Mwislamu kumlipa mtu afundishe sheria za nchi? Nami nawauliza, ndoa na mirathi yenu huamuliwa wapi? Tanzania Bara ndoa zetu zikivunjika tunakwenda kwenye mahakama za kawaida mbele ya hakimu wa kawaida, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Akiwa hajui fiqhi, nani alaumiwe? Mwaka 1894 Baraza la Uingereza la rufaa za makoloni (Privy Council) lililoko London, likiamua kesi ya Bengal, lilisema wakfu wa mtu kwa kizazi chake ni batili, kwa kuwa majaji wale walipima sadaka kwa kipimo cha Kiingereza. Huko Bara Hindi ikatungwa sheria mwaka 1913 kulirekebisha kosa hilo. Lakini miaka ya mwanzo ya 1950 kesi ya wakfu wa familia kutoka Mombasa ilipofika London, majaji waliishika kauli ile ile ya zamani, wakfu ule ukaanguka. Mali iliyowekwa kwa ajili ya Mungu ilibatilishwa kwa sababu mahali penye maamuzi hapakuwa na sauti ya kutosha ya wanaoijua sheria yetu. Ninapofikiri habari hii huwa naona wazi kwamba mwalimu mmoja anayeijua fiqhi ya wakfu na mirathi, na anazijua pia Sheria za Ardhi za mwaka 1999 na taratibu za mahakama, ana thamani ya misikiti kadhaa. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, kinafundisha sheria pamoja na sharia. Njia ya kwenda kule ni lami, na sasa kuna treni. Wanaotaka pa kuweka kigoda hawana haja ya kutafuta mbali.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Katika madhehebu yetu ya Shafi kauli inayotegemewa ni kwamba kitu cha wakfu sharti kinufaishe huku chenyewe kikibaki. Fedha taslimu ukizitumia zimekwisha, na ukiziacha benki zizae riba umeharibu kila kitu. Kwa hiyo mchango ule ugeuzwe kuwa mali yenye kubaki. Tuseme ni nyumba ya vyumba 10 pale Ng'ong'ona, ambako wanafunzi wa chuo wanapanga. Chumba kikilipa shilingi 50,000 kwa mwezi, vyumba vyote kwa mwaka ni shilingi milioni 6. Kabla hajalipwa mtu yeyote, itengwe sehemu ya ukarabati, maana fiqhi inatanguliza uzima wa wakfu kuliko tumbo la anayenufaika nao. Wakfu nyingi tulizoachiwa na wazee zimekufa kwa bati lililovuja hakuna aliyepanda juu. Kinachobaki hakitamlipa profesa mshahara mzima. Lakini kitamwongezea mhadhiri kijana mwenye njaa, kimnunulie vitabu, kimfanye asikimbilie kazi nyingine ikifika jioni. Darasa lijalo la wahitimu litaongeza nyumba ya pili.

Mmoja ameniambia afadhali shamba la zabibu, kwa kuwa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Naam, ni mali nzuri. Ila mnajua sehemu kubwa ya zabibu zetu huishia wapi. Mwenye kuweka wakfu shamba la zabibu aandike sharti bayana kwamba mazao yauzwe ya kula, ya kukausha au ya juisi, na asimwachie msimamizi kulikisia hilo baada yake.

Na andikeni. Ninyi ni watu wa sheria, lakini nimewaona wanasheria wanaokufa bila wasia. Jueni kwamba wakfu unaowekwa na mtu aliye katika maradhi ya mauti hauzidi theluthi ya mali yake bila ridhaa ya warithi. Wekeni mkiwa wazima, wake na watoto wenu wakisikia. Chagueni wadhamini zaidi ya mmoja, bodi yao isajiliwe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), hati iwe kwa jina la bodi. Msimpe mtu mmoja ufunguo, awe mcha Mungu kiasi gani. Wekeni hesabu za kila mwaka, zibandikwe ubaoni.

Nimalizie kwa habari ya mwalimu wangu mimi. Alinifundisha Kondoa, chini ya mbuyu, kwa ubao wa mti na wino wa masizi. Ada yake ilikuwa karanga debe moja baada ya mavuno, na mwaka wa ukame hakuna debe. Miaka ile ya njaa alitufundisha kuanzia alfajiri mpaka jua likichomoza, kisha anakwenda porini kuchoma mkaa. Alikuwa anakijua kitabu cha fiqhi, Minhaj ya Imam Nawawi, mlango kwa mlango. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika mirathi, nimejua fungu la mke na fungu la mama, aliposema atakwenda Babati kwa miezi miwili kutafuta kibarua. Aliondoka na kitabu. Alirudi mgonjwa, hakufundisha tena. Walikuwepo kijijini kwetu watu wenye ng'ombe mia, na mimi na wenzangu tulikuwa na baba zetu wenye mashamba. Alipokufa tulimnunulia sanda nzuri sana. Mirathi nimekuja kuimalizia ukubwani, kwa mwalimu mwingine, mji mwingine, na kila nikigawa fungu la mjane nakumbuka kwamba pale ndipo aliponiachia.

Kijana yule sikumsubirisha hadi leo. Jumanne usiku nilimpigia simu nikamweleza haya kwa ufupi. Alhamisi baada ya isha alikuja nyumbani na wenzake wawili, wakaleta rasimu ya hati ya wakfu. Wamepata nyumba, vyumba sita na siyo 10, bati la upande wa nyuma linahitaji kubadilishwa, na wamekwisha kumwita fundi. Wamemtafuta aliyemiliki kiwanja kabla ya muuzaji, na aliyekuwa kabla ya huyo, kuhakikisha kwamba hakuna aliyelia. Mahali pa jina la kigoda wameandika jina la mwalimu wao. Mahali pa majina ya watoaji wameandika "wanafunzi wake". Wanahitaji mashahidi wawili, nami nimewaahidi kwamba baada ya swala hii watawapata hapa barazani.